Mwana wa malenga

Nilipokuwa mdogo hapa Lamu sikuwa na jina. Nikipita Mkunguni, wazee barazani waliniita "mwana wa malenga". Harusi haikunoga bila tungo za baba, na siku za Maulidi watu walimsimamisha njiani wakitaka japo beti mbili tatu. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini nilipokuwa darasa la sita, mwalimu aliisoma insha yangu, kisha akanirudishia daftari mbele ya wenzangu: "Mwambie babako asikufanyie kazi." Insha ile niliiandika usiku kucha, peke yangu, kwa mwanga wa kandili. Sikushika tena kalamu kwa miaka mingi.

Kwa hiyo habari za watoto wa Charles Dickens, mtunzi wa riwaya wa Uingereza, nilizisoma kama habari za ndugu zangu. Alizaa watoto kumi, na wana kadhaa akawapa majina ya waandishi. Kitinda mimba, Edward, aliitwa kwa jina la Bulwer-Lytton, mtunzi mwingine wa riwaya. Mtoto mmoja, majina ya watunzi wawili! Mwaka 1868, akiwa na miaka 16, alipelekwa Australia kwa meli. Baba alilia wakiagana, na hawakuonana tena, kwani Dickens alifariki mwaka 1870. Edward alifika hata kuwa mbunge New South Wales, huko huko Australia. Kaka yake Alfred, aliyemtangulia huko, uzeeni alizunguka akiwahutubia watu juu ya baba yao, na akafia New York mwaka 1912, ziarani humo humo. Walivuka bahari zote hizo, na jina lilivuka nao.

Linaloniuma zaidi ni la Henry, mwana mwingine wa Dickens. Alipomweleza baba yake kwamba amepata ufadhili wa masomo huko Cambridge, alijibiwa kwa neno fupi tu, wakaendelea kutembea, kijana moyo umemvunjika. Mbele kidogo baba akageuka, machozi yamemlenga, akamkamata mkono na kumwombea baraka. Huyu ndiye aliyewaliza wasomaji kila pembe, na kwa mwanawe maneno yakachelewa.

Basi wewe mzazi ambaye watu wanakusoma au kukusikiliza, usimwache mwanao akusikie pamoja na umati. Keti naye, mwambie yeye. Mwalimu, kabla hujamtuhumu mtoto, mpe karatasi aandike mbele yako. Ni kazi ya dakika kumi. Na wewe mwana, usiikimbie kazi ya mzazi kwa hasira, wala usiishike kwa sababu mtaa unaitarajia. Ikikupita, tafuta yako.

Mimi nilishika patasi. Nachonga milango mtaani Langoni. Nilikuwa na miaka 31 baba alipokuja karakanani mara ya kwanza, akapitisha kidole juu ya maua ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, niliokuwa nikiumalizia, kimya. Zamani ningengoja mpaka aseme. Siku ile nilimuuliza: "Baba, waionaje?"

"Haya mimi sikukufundisha," akasema. "Huu ni mkono wako."

Kisha akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuniuliza jina la kila patasi.