Ukituma msaada, weka na ya kutolea

Hapa Dar ukimtumia mama hela ya dawa, unaweka na ya kutolea. Usipoweka, atafika kwa wakala na kukuta haitoshi. Miaka ya kujitolea kwenye kikundi chetu cha mtaa Kigogo imenionyesha kwamba mashirika makubwa ya misaada huisahau sana hiyo ya kutolea.

Aprili 2018, Msimbazi ulipofurika, shirika moja la nje lilitupa kazi ya kugawa magodoro, ndoo na vidonge vya kutibu maji. Wao walikuwa na hela, sisi tunavijua vichochoro. Bajeti ilikuwa na kila kitu isipokuwa kirikuu cha kubebea magodoro, vocha, na chakula cha vijana waliokesha wakigawa. Tukachanga wenyewe. Mweka hazina wetu alikopa, na nyumbani kwake maji yalikuwa magotini.

Kwa hiyo, kabla kikundi chako hakijasaini mkataba na shirika, tafuta mstari wa gharama za uendeshaji. Wakikuambia mfadhili hataki, wakumbushe Istanbul. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa misaada ya kibinadamu uliofanyika huko, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za dharura zitawafikia watoa huduma wa nchi husika, bila kupitia mikono mingi. Hawakufika. Mimi huitaja ahadi hiyo nikicheka, lakini huitaja.

Risiti nazo mzimalize mapema. Mkaguzi anataka ya mashine ya EFD, ile ya kodi, na mama wa genge aliyekuuzia mchele saa nne usiku hana mashine. Pataneni kwa maandishi ni kiasi gani kitakubalika kwa karatasi yenye saini na namba ya simu. Sisi tuliulizwa miezi sita baadaye, genge lenyewe limeshahama.

Lakini kilichonitesa zaidi ni orodha. Tuliichukua kwa mjumbe kama ilivyo, na ilikuwa na wenye nyumba tu. Bondeni nyumba moja ina vyumba sita na familia sita, kwenye karatasi ikasomeka kaya moja. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alikaa pembeni ya foleni ameshika ufunguo wa chumba ambacho ukuta wake ulikuwa umeshakwenda na maji. Aliniuliza, "Kaka, nyumba sawa si yangu. Na godoro lililolowa ni la nani?" Sikuwa na jibu, wala godoro la ziada. Siku hizi tunapita mlango kwa mlango kabla ya masika, na hatuulizi mwenye nyumba ni nani. Tunauliza nani analala hapa. Mjumbe tunaongozana naye, maana ukimruka utakwama.

Kama msaada ni wa fedha kwa simu, jaribuni kwanza kwa shilingi elfu moja. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la shemeji au mtoto, na shemeji mwingine hela ikishaingia hapokei simu.

Juzi shirika jingine limetuletea rasimu ya mkataba, mvua bado. Nikafungua ukurasa wa bajeti kwanza. Kirikuu kipo. Chakula cha vijana kipo. Vocha haipo. Nimewarudishia.