Kabla hujatangaza droo kwenye strimu yako

Ukianza kustrimu gemu za ushindani, yaani kurusha laivu mtandaoni unavyocheza, iwe Tekken, eFootball au Call of Duty Mobile, itafika siku utahitaji hela kubwa kuliko ile inayoingia kwenye chati. Mara nyingi ni nauli. Umefuzu au umealikwa kwenye mashindano ya nje, waandaaji wamekupa nafasi lakini tiketi ya ndege ni juu yako, na ada ya visa unalipa upate usipate. Hapo ndipo rafiki atakuambia: weka droo. Tafuta pad mpya ya kuchezea gemu au headset nzuri, uza tiketi elfu mbili mbili kwa simu, zungusha laivu gurudumu la majina kwenye skrini, mmoja aondoke na zawadi na wewe uondoke na nauli. Na kweli hela huingia haraka. Nimekaa nyuma ya strimu za watu kama moderata, yaani msimamizi wa chati, napokea majina na kupanga orodha za droo za namna hiyo, na haya ndiyo ningependa kila strima mpya ayajue kabla hajataja bei ya tiketi.

Kisheria, ulichopanga kufanya ni bahati nasibu. Sheria za nchi nyingi huangalia mambo matatu: mtu ametoa hela, mshindi anapatikana kwa bahati, na kuna zawadi. Yakikutana yote matatu, jina uliloipa droo yako halisaidii. Unaweza kuiita "changia ushinde" au "shukrani kwa wafuasi", bado ni bahati nasibu. Tanzania tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia. Umeshawaona kwenye taarifa ya habari: kampuni inachezesha droo ya promosheni, mtangazaji anampigia mshindi, na pembeni ya meza yupo ofisa wa Bodi akishuhudia. Hajaenda pale kupamba picha. Kampuni ile yenye wanasheria na hela zake imeomba kibali kwanza, basi usidhani wewe unayerushia matangazo chumbani kwako umesamehewa kwa sababu hadhira yako ni ndogo. Kenya nao mwaka 2025 walipitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya mwaka 1966, na chini yake kuna mamlaka mpya ya usimamizi. Kama uko Nairobi au Mombasa, usifuate ushauri wa mtu aliyechezesha droo yake miaka iliyopita. Nenda kaulize upya.

Jibu ninalolisikia sana ni hili: "Lakini mimi sitafuti faida, nataka kwenda kuiwakilisha nchi." Nia ni njema, ila hebu angalia sheria ya Uingereza inavyolichukulia jambo hilo, maana wapo ndugu zetu wanaostrimu kutoka huko. Sheria yao ya kamari ya mwaka 2005 inaruhusu bahati nasibu ndogo za vyama visivyo vya biashara, vikiwemo vya hisani na vya michezo. Chama kinajiandikisha halmashauri, na angalau asilimia 20 ya mapato lazima iende kwenye lengo lililotangazwa. Lakini bahati nasibu ya kumnufaisha mtu binafsi hairuhusiwi. Nauli yako wewe kwenda kucheza mashindano yako, hata ukivaa bendera begani, ni manufaa yako. Klabu yenye katiba, viongozi na akaunti ya benki inaweza kuwa na njia. Strima mmoja mmoja hana. Nadhani mgawanyo huo ni wa haki, na hata pale ambapo sheria ya kwenu haiusemi waziwazi, ungefaa uwe kanuni yako mwenyewe.

Kwa hiyo, kama unataka kubaki salama, ondoa moja kati ya yale matatu. Ukiondoa hela, inabaki zawadi ya bure ambayo kila mtu anaweza kuingia. YouTube wenyewe wanadai hivyo: shindano unaloliendesha kwao lazima liwe bure kuingia. Huko Marekani, Games Done Quick, wale wanaocheza gemu kwa kasi kuchangisha hela za hisani tangu mwaka 2010, hutoa zawadi kwa wachangiaji lakini wanatamka kwamba si lazima uchangie ili uingie kwenye droo. Ukiiga hilo, liige lote. Nimeona strima anaandika "au ingia bure" kwa herufi ndogo chini kabisa ya maelezo, halafu aliyeingia bure anapewa nafasi moja na aliyelipa anapewa ishirini. Mlango wa namna hiyo haupitiki, na mtu yeyote anayeangalia kwa makini atajua umewekwa kwa ajili ya kujikinga tu.

Ukiondoa bahati, unabaki na mashindano ya uwezo: watu wanalipa kiingilio, wanacheza, bora anashinda, sehemu ya kiingilio inakwenda kwenye safari yako. Ni njia nzuri kwa sababu unauza kile unachokijua. Ila hapa pia uliza kwanza, kwa kuwa kuna nchi ambazo mashindano ya zawadi nayo yanahitaji kibali.

Mimi ninachopendekeza ni kuondoa zawadi. Omba mchango, basi. Sisi ni watu wa michango tangu zamani. Harusi, msiba, ada ya mtoto wa jirani, mgonjwa anayepelekwa hospitali, yote tunayabeba kwa kamati, kadi na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu. Hakuna anayemuuliza bwana harusi "nikichanga nitashinda nini?" Mtu anachanga kwa sababu anakujua na anataka jambo lako lifanikiwe. Mfuasi wako aliyekesha akikuangalia unapigwa, ukaamka, ukashinda, anakujua vya kutosha. Mwambie lengo ni shilingi ngapi, za nini na nini: ndege kiasi hiki, visa kiasi hiki, malazi kiasi hiki. Weka mtu mwingine awe mweka hazina, soma hesabu laivu kila wiki. Inawezekana itachukua muda mrefu kuliko droo, lakini hela utakayopata haina deni na mtu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisimame upande huu, na hii haitoki kwenye kitabu cha sheria. Ukipokea malipo ya tiketi kwa simu, ujumbe unakuja na jina la mwenye laini. Siku moja nilikuwa napanga orodha, likaingia jina la mama mtu mzima, kiasi kimetosha tiketi tano. Wakati huohuo kwenye chati kuna mtu anaandika "nimetuma tano bro, niweke", na ukisoma alichokuwa akiandika wiki nzima, ni mtihani wa kidato cha pili, mwalimu wa hesabu, na mama kanizuia kucheza. Huhitaji uchunguzi kujua kilichotokea. Mtoto kachukua simu ya mama yake na namba ya siri anaijua. Tulirudisha ile hela, lakini jiulize ni ngapi zinapita bila mtu kusoma majina. Hadhira ya gemu ni changa, huo ndio ukweli wake, na umri wa kamari kisheria Tanzania na Kenya ni miaka 18. Ukiuza tiketi kwa namba ya simu, huna namna ya kujua nani ameishika ile simu.

Halafu wapo wafuasi ambao hawataingia kabisa, na hawatakuambia. Hapa pwani wengi wetu ni Waislamu, na kulipa hela kwa kubahatisha upate au ukose ni kamari, haramu hata kama zawadi ni kikombe. Mtu huyo alikuwa tayari kukupa elfu kumi kwa moyo safi. Umemwekea droo, umemfungia mlango. Anakaa kimya, anaangalia strimu, hachangii chochote.

Kama bado utachezesha droo, yenye kibali au ya bure, basi iheshimu. Moderata wako, ndugu zako na wenzako wa timu wasiingie. Najua inauma kumwambia rafiki aliyekusaidia mwaka mzima kwamba haruhusiwi, ila siku jina lake likitoka kwenye gurudumu, hakuna maelezo yatakayowatosha watu. Orodha ifungwe saa uliyotangaza, ionekane kwenye skrini kabla ya kuzungusha, na rekodi ya strimu ibaki hewani. Ila usioneshe namba kamili za simu. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya wanayo ya 2019, na hata bila sheria, msichana aliyenunua tiketi hakukubali kupigiwa simu na wageni usiku. Jina la kwanza na tarakimu tatu za mwisho zinatosha.

Na kama kuna kampuni inakulipa kuitaja, au una hisa kwenye kitu unachokisifia, sema. Mwaka 2016 ilibainika kwamba Trevor Martin na Thomas Cassell, wanayutubu wawili wakubwa, walikuwa wakionesha video wakishinda kwenye tovuti ya CSGO Lotto, ya kuchezea kamari vifaa vya gemu ya Counter-Strike, bila kusema wazi kuwa tovuti ni yao wenyewe. Mwaka 2017 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ikamalizana nao kwa amri iliyowabana watangaze uhusiano wa namna hiyo. Mashabiki wao wengi walikuwa vijana wa umri uleule unaokuangalia wewe.

Usisahau njia za malipo. GoFundMe, tovuti ya kuchangishia hela, hawaruhusu bahati nasibu kwenye kampeni zao, na PayPal wanataka idhini yao kabla ya chochote chenye sura ya kamari. Akaunti ikizuiwa wiki ya safari, hela zipo lakini huwezi kuzigusa, na ubalozi hausubiri.

La mwisho, mdogo wangu, ni la visa, maana hili linawapata wengi wanaotoka kwetu. Kabla hujapokea hata shilingi moja, andika kwenye maelezo ya strimu nini kitatokea ukinyimwa. Je, unarudisha? Kwa ada ya nani ya kutuma? Au hela inawekwa kwa ajili ya mashindano yanayofuata, na hadi tarehe ipi? Tafuta laini ya peke yake kwa mchango huo, isiwe ile unayonunulia chakula, na mpe mweka hazina awe anaona salio.