Kabla hujabonyeza mgongo wa mtu

Wadogo zangu mnaosoma osteopathi (tiba ya mikono kwa mgongo, viungo na misuli) huku Uingereza, swali mnalonitumia ni lilelile kila wiki: "kaka mbona mi nikimshika mtu mgongo sihisi kitu, wenzangu wote wanahisi?" Nikwambie ukweli, nusu ya hao wenzako hawahisi kitu pia, wanaitikia tu ili mwalimu apite kitanda kinachofuata.

Anza na unywele. Zoezi la zamani hili, karibu kila chuo wanalo. Weka unywele mmoja mezani, funika na karatasi, fumba macho, utafute kwa ile nyama ya mbele ya kidole, sio kwa ncha. Ukiupata ongeza karatasi ya pili, ya tatu, endelea. Kitu utakachogundua mapema sana ni kwamba ukikandamiza unapotea. Mimi mwezi mzima nilikuwa nakandamiza kama nachua mguu wa mcheza mpira, kucha inabadilika rangi, na kidole kikishafika hapo hakisikii kitu zaidi ya nguvu zake chenyewe. Legeza bega, legeza kiwiko, mkono utulie juu ya ngozi kidogo kabla hujaanza kutafuta. Joto la ngozi lipime kwa mgongo wa kiganja. Na huku baridi ilivyo, pasha mikono kwa maji ya moto kwanza jamani, ukimgusa mtu na vidole vya barafu misuli yote inajikaza halafu unaandika kwenye faili "misuli imekaza", imekaza kwa sababu yako!

Sasa mwaka wa pili mwalimu alitupanga watatu kwa mtu mmoja, tushike zile nundu mbili za mfupa zilizo juu ya makalio, pale kwenye vishimo, tuseme ipi iko juu, kila mtu aandike kikaratasi chake asimwonyeshe mwenzie. Mmoja kaandika kulia, mwingine kushoto, mi nikaandika ziko sawa. Tulicheka lakini nilirudi nyumbani mnyonge. Na sio wanafunzi tu, tafiti nyingi zimeonyesha hata wazoefu wakishika mgongo mmoja kutafuta pingili ipi haichezi vizuri wanapishana sana, ila wakitafuta wapi panauma ukibonyeza wanakubaliana zaidi. Kwa hiyo mi sijengi hukumu juu ya "naona kama imepinda". Natafuta maumivu yenyewe aliyokuja nayo, nikiyapata namuuliza "ni haya haya au mengine?", hapo ndo nina kitu cha kushika.

Halafu lugha. Wagonjwa wangu wengi wazee ni wa kwetu, Waswahili hasa, na Kiswahili chetu kwenye mwili ni kipana mno. Mama akisema kiuno anaweza kuwa anamaanisha mgongo wa chini, au nyonga, au pembeni kabisa. Mguu unaanzia pajani mpaka kidoleni. Mshipa ndo usiseme, inaweza kuwa neva, kano, mshipa wa damu, na kwa wazee wa kiume hata ngiri. Mi nasema, "Shikamoo mama, naomba unionyeshe kwa kidole kimoja." Na usimuulize kama inauma, atakwambia "kidogo tu mwanangu" kwa heshima huku machozi yanamlenga. Angalia vidole vya miguu vinavyojikunja, sikiliza pumzi inapokatika.

Hilo la kiuno limenigharimu. Alikuja mzee mmoja, kiuno kinauma, nikaingia moja kwa moja mgongoni, nikakuta pingili ya chini imekaza (nilikuwa naitafuta, lazima nitaikuta), nikamtibu mara tatu. Mara ya tatu wakati anavaa nikamuona anahangaika na soksi, mguu haukunjiki, nikamuuliza maumivu yanafika wapi akashika kinena. Nikamrudisha kitandani, nikakunja goti na nyonga, nikauzungusha mguu kwa ndani, ukagoma kabisa na yeye akaruka. Nyonga imelika, mgongo hauna kosa. Kipimo cha sekunde kumi nilikiruka mara tatu kwa kujiamini. Siku hizi kila mwenye kiuno nazungusha nyonga zote mbili, nainua mguu ukiwa umenyooka, napiga kinyundo gotini na nyuma ya kisigino, namwambia avute dole gumba juu nikilizuia, asimame kwa vidole vya mguu mmoja mmoja. Haichukui muda.

Ila kuna maswali yanatangulia mikono yote na watu wanayaonea aibu, hasa ukiwa kijana na mbele yako yuko mama wa umri wa mama yako. Mkojo unatoka kawaida? Choo unaweza kukizuia? Kuna ganzi sehemu ile unayokalia ukipanda baiskeli? Mi naanza na "samahani mama, haya nauliza kila mtu", nauliza bila kuangalia chini. Jibu likiwa baya, na hasa kama ganzi imeanza siku hizi mbili tatu au miguu yote miwili inaisha nguvu, hiyo ni neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa, sio kazi yangu wala yako. Napiga simu, anaenda emajensi saa hiyo hiyo na barua yangu mkononi, hata kitandani hapandi, na hela ya siku hiyo simdai.