Dakika moja kwenye kona: mapigo ya moyo wako yanashuka kiasi gani?

Watu wakitaka kujua bondia yuko fiti wanaangalia ngumi zake, mimi siku hizi naangalia anavyokaa kwenye stuli. Ndondi una dakika 1 tu kati ya raundi na raundi, MMA (ule mchezo wa ngumi, mateke na mieleka pamoja) hivyo hivyo japo raundi yao ni dakika 5, sasa kama umemaliza raundi ya kwanza mapigo ya moyo wako ni 185 kwa dakika na kengele ya raundi ya pili inalia ukiwa bado 170, hiyo raundi ya pili kazi unayo ndugu yangu.

Kinachoshusha mapigo ile dakika ya kwanza ni neva ya vagasi, ndo breki ya moyo. Ukifanya kazi nzito breki inaachiwa, ukisimama inakamata tena, alafu adrenalini yenyewe inapungua taratibu baadaye. Kuna utafiti wa Marekani wa 1999 unaotajwa sana, kwamba mapigo yakipungua kwa 12 tu au pungufu ya hapo dakika ya kwanza ya kupumzika ni dalili mbaya. Sawa, ila ule ulikuwa wa watu waliopelekwa hospitali kupimwa moyo wakitembea kwenye mashine, sio mtu aliyetoka kupiga padi, kwahiyo usijilinganishe nao wala na mwenzako wa jimu. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita.

Kupima ni rahisi ila watu wanaharibu hapa. Saa ya mkononi ukiivaa na bandeji na glavu inadanganya sana maana umekunja ngumi muda wote, mkanda wa kifuani una nafuu ila kwenye sparingi (pambano la mazoezi) ukipigwa juu yake utaujua. Mimi napimia kwenye begi: raundi zilezile, kasi ileile, kengele ikilia mwenzangu anaweka vidole viwili shingoni upande mmoja (mmoja tu, pande zote mbili unaweza kumzimisha mtu), anahesabu mapigo ya sekunde 10 alafu anazidisha kwa 6, dakika ikiisha anarudia. Na kaa vilevile kila siku, maana ukilala chali mapigo yanashuka haraka kuliko ukikaa, utajidanganya kuwa umeimarika kumbe umelala tu.

Wiki ya kupunguza uzito achana na hizo namba kabisa. Maji yakipungua mwilini ujazo wa damu unapungua, kila pigo linasukuma damu kidogo, moyo unafidia kwa kudunda zaidi, hapo hata bingwa ataonekana mgonjwa. Joto nalo hivyo hivyo, kulala vibaya pia.

Kitu kingine ambacho makocha wengi hawakisemi, mapigo kushuka haraka sana sio habari njema kila mara. Ukiwa umezidisha mazoezi moyo unaweza kugoma kupanda alafu ukashuka fasta, namba inapendeza huku miguu mizito na hamu ya mazoezi hamna. Hapo pumzika.

Dawa yenyewe? Kukimbia taratibu, dakika 40 na kuendelea, mwendo ambao unaweza kupiga stori. Najua wapiganaji wanaudharau, wanataka kila siku kufa kwenye begi, lakini ndo unaojenga moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Juu yake ndo unaweka raundi kali zenye mapumziko ya dakika 1. Kwenye kona vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa mdomo ndefu kuliko ulivyovuta, mabega chini, na usibishane na kocha, bishaneni baada ya pambano.

Ila ukisikia kifua kinauma, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo unaruka-ruka hovyo, hiyo sio ishu ya stamina, nenda kwa daktari kabla hujapanda tena ulingoni. Na kama unatumia dawa za presha mwambie kocha, kuna zingine zinazuia mapigo kupanda kwahiyo hesabu zote hizo kwako hazitasoma.