Tumenunua Office yenye diski, lakini kompyuta haina mahali pa kuiingiza

Swali: Mimi ni karani wa shule ya msingi hapa Bukavu, katika komuni ya Kadutu. Shule ilinunua sanduku la Office Home and Business 2016, yaani programu za Microsoft kama Word na Excel, lenye diski ya DVD na kadi ya ufunguo wa programu. Kompyuta mpakato niliyopewa haina mlango wa diski, na muuzaji ananishauri tununue programu nyingine. Je, fedha ya shule imepotea, Bwana fundi?

Jibu: Haijapotea, Mama, na ninakuomba usinunue kitu kingine kabla ya kujaribu haya. Haki ya kutumia programu mliyoilipia imo katika ule ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ulioandikwa kwenye kadi. Diski ni chombo cha kubebea mafaili tu, na mafaili yanaweza kubebwa na chombo kingine.

Anza na ufunguo. Kwenye intaneti fungua setup.office.com, ingia kwa akaunti ya Microsoft, kisha andika ufunguo. Akaunti hiyo iwe ya shule, yenye nenosiri linalojulikana na mkuu wa shule, wala isiwe ya fundi, hata akiwa fundi mwaminifu kiasi gani. Ufunguo ukishaunganishwa na akaunti hauunganishwi tena na nyingine, na nimewahi kupokea ofisi iliyopoteza programu yake halali kwa sababu kijana aliyeisakinisha alitumia barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama mji.

Ufunguo ukikataliwa, tazama kwanza kibodi. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwetu zina vibonye vya Kiingereza huku Windows imepangwa kwa Kifaransa: unabonyeza Q inatokea A, unabonyeza W inatokea Z, na M inakuwa alama ya mkato. Funguo hizi hazina kamwe herufi A, E, I, O, U, L, S wala Z, na hazina 0, 1 wala 5. Kwa hiyo ukiona A au Z kwenye kioo, ujue kosa ni la kibodi. Na ukidhani umesoma sifuri kwenye kadi, soma tena polepole mahali penye mwanga, kwani huenda ni D au Q.

Kuhusu mafaili, kwa kuwa diski mnayo na intaneti tunailipia kwa mega, njia ninayoipendelea ni kuazima kwa nusu saa kompyuta ya zamani yenye mlango wa diski. Fungua diski humo, chagua kila kilichomo, unakili kwenye flashi ya GB 8, ambayo inatosha kwa sababu DVD ya kawaida haizidi GB 4.7. Flashi ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa kwenye kompyuta mpya, maana flashi za mjini hupita mikono mingi. Ukiwa na jirani mwenye kisomea diski cha nje, kinachochomekwa kwa waya wa USB, huhitaji hata kunakili.

Kama diski ina mikwaruzo, akaunti ya shule itakuruhusu kupakua faili la kusakinisha bila intaneti. Faili hilo ni kubwa, na likizidi GB 4 flashi nyingi hulikataa hata zikiwa tupu, kwa sababu zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 usiopokea faili moja la ukubwa huo. Watu huitupa flashi wakidhani imekufa. Iandae upya kwa mfumo wa exFAT, ukikumbuka kwamba hatua hiyo hufuta kila kilichomo.

Kabla ya kusakinisha, ondoa Office ya majaribio iliyokuja na kompyuta, kwa sababu mbili hizo hugombana. Hamisha mafaili kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta yenyewe, hakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati utalazimika kuanza upya, kisha bofya mara mbili faili liitwalo setup.

Jambo moja mkuu wa shule analostahili kulijua: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Office 2016 tarehe 14 Oktoba 2025. Word na Excel zitaendelea kufanya kazi, na kwa barua na orodha za wanafunzi zinafaa, lakini usifungue viambatisho vya barua pepe kutoka kwa watu usiowajua.

Mwishoni fungua Word, ingia kwa akaunti ya shule, kisha nenda Fichier (Faili), halafu Compte (Akaunti). Ukisoma hapo maneno «Produit activé», yaani programu imekubaliwa, kazi imekwisha, na kadi irudi kwenye kabati la mkuu wa shule.