Mumeo Ametafuta Mtoto Miaka Miwili, Wewe Je?

"Hujambo Shangazi? Mimi ni nesi hapa Kisumu, nina miaka 34. Niliolewa miaka miwili iliyopita na tangu hapo tunatafuta mtoto bila mafanikio. Shida ni kazi yangu. Zamu ya usiku naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa mbili asubuhi. Mume wangu ni mwalimu upande wa Maseno, kwa hivyo nikifika nyumbani Mamboleo yeye ameshaondoka. Siku zangu za ofu nazo huwa nafanya lokamu, yaani zamu za kibarua, katika hospitali ya kibinafsi, kwa sababu kuna ploti tunalipia. Mume wangu haelewi uchovu wa usiku. Ametundika kalenda ya sacco jikoni, na kila rota ikitoka anazungushia siku zangu za ofu kwa kalamu nyekundu, utadhani mimi ni mwanafunzi wake. Mwezi jana mama mkwe alikuja kutoka Luanda ya Vihiga na kuku, na hata hajaketi vizuri akaniuliza mbele ya mume wangu: 'Mwanangu, usiku unalala wapi?' Niliumia sana. Mume wangu alienda kupimwa, anasema yake ni sawa, lakini karatasi sijaisoma. Mimi sidhani nina shida, maana sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi niliacha Oktoba mwaka jana na hedhi ilirudi, ingawa inarukaruka. Yeye hajui habari ya sindano, nilitaka kwanza nimalize digrii. Je, niache zamu za usiku, ama nimwambie huyu mama aniachie ndoa yangu? – Nesi, Mamboleo."

Pole, binti yangu. Kukesha na wagonjwa si mchezo, na kuulizwa mambo ya chumbani mbele ya mumeo kunauma. Pole imeishia hapo.

Barua yako ndefu, lakini jambo lenyewe umelificha mkiani, kati ya hedhi na digrii, ukidhani Shangazi atapita haraka asilione. Umesema mnatafuta mtoto miaka miwili. Si kweli. Mumeo ndiye ametafuta miaka miwili. Wewe mwaka wa kwanza wote na ziada ulikuwa unachoma sindano ya kuzuia, kisha jioni mnaketi mezani unamsaidia kuhuzunika. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuuliza, nawe unamjibu "bado", na kadi ya kliniki labda iko ndani ya mkoba uleule ulioning'inia kwenye kiti.

Sikukatazi kupanga uzazi. Mwanamke kutaka kumaliza digrii kabla ya kubeba mimba ni akili, na ningekuwa wa kwanza kukutetea kama ungemwambia mwenye nyumba: baba, nipe mwaka mmoja nimalize masomo. Mwalimu gani angekataa masomo? Hukumwambia. Ukamwacha ajishuku hadi akaenda kupimwa peke yake.

Hapo kwenye kupimwa nataka tukae kidogo. Wanawake wengi wanaoniandikia kutoka Busia hadi Nakuru wanalia kwamba mume hataki hata kusikia neno maabara. Kwa mume wa namna hiyo mke ndiye tasa, hata kama hajawahi kuguswa na daktari. Wako kaenda mwenyewe. Kipimo cha manii si cha kujivunia, mwanangu, wewe nesi unajua. Mtu anaambiwa akae siku mbili hadi saba bila kukutana na mkewe (hilo nadhani halikumpa taabu, ulikuwa zamu), anapewa kikopo, anaonyeshwa mlango, na nje kuna foleni ya watu wanaojua anaenda kufanya nini. Akarudi na karatasi. Na wewe, ambaye unasoma karatasi za wagonjwa usiku kucha, ya mumeo hujaisoma! Mgala muue na haki yake mpe. Katika nyumba hiyo aliyetimiza wajibu wake ni mmoja, naye si wewe.

Sasa tupige hesabu ya kweli. Sindano ya Oktoba ilikulinda hadi Januari. Na unavyojua, au ulivyosoma ukasahau, sindano hiyo haiondoki mwilini siku ile kinga yake inapokwisha. Haimfanyi mtu tasa, lakini uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi. Kwa kawaida mtu huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine hupita mwaka. Hedhi inayorukaruka baada yake si ajabu. Kwa hiyo unachokiita miaka miwili ya mateso ni miezi michache tu, na hiyo michache nayo mlikuwa mnapishana kwenye geti kama walinzi wanaopokezana rungu. Mtoto angeingilia wapi?

Unaulizia zamu ya usiku kana kwamba ndiyo mshtakiwa. Nitaitetea kidogo. Ni kweli usiku huvuruga saa ya mwili, na manesi wengi wa zamu za kupokezana huona hedhi zao zikibadilika. Lakini huko Marekani wanao utafiti unaowafuata manesi miaka na miaka, na mwaka 2015 walichapisha matokeo ya wale waliokuwa wanatafuta mimba. Zamu ya usiku yenyewe haikuonekana kuwachelewesha. Waliochukua muda mrefu zaidi ni wale waliofanya kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki, na wale wanaoinua na kusogeza mizigo mizito mara nyingi kwa siku. Umesikia? Zamu zako za hospitali, halafu lokamu juu yake, halafu kugeuza wagonjwa vitandani kotekote. Mimi nashuku kinachokumaliza ni wingi wa saa unazoziuza. Saa za hospitali yako umeandikiwa kwenye rota, lakini za lokamu hakuna aliyekuandikia, unaziomba mwenyewe kwa simu.

Na hapo ndipo ninapoirudia kalenda, maana umeileta kama ushahidi dhidi ya mumeo na imegeuka kuwa shahidi wake. Mwanamume anatoka kazini jioni, anakuta nyumba kavu, anapasha ugali wa jana, anasimama mbele ya ukuta wa jikoni na kalamu ya kusahihishia madaftari, anatafuta siku ambazo mkewe atakuwa nyumbani. Anazungusha Jumanne. Anazungusha Ijumaa. Kisha Jumanne inafika na wewe unavaa sare unaenda kuiuza kwingine. Huyo ameoa nesi, analala na kalenda. Na bado unalalamika kwamba anakuhesabia siku! Kuna wanawake hapo Kondele ambao wanaume wao hawajui hata wake zao wana ofu.

Kosa lake ni moja tu, na ni la kutojua: anazungushia siku zako za ofu, si siku zako za kushika mimba. Umpe somo wewe mwenye taaluma. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanamume zaweza kukaa ndani hadi siku 5 zikingoja. Maana yake hamhitaji usiku fulani mtakatifu. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu, iwe saa kumi alasiri akitoka shule kabla hujaingia zamu, iwe Jumapili mchana watu wakienda soko la Kibuye, inatosha. Mimba haiulizi kama jua limezama. Tena hedhi yako ikiwa haitabiriki, usitegemee kuhesabu siku kumi na nne kwa vidole, na kipimajoto cha asubuhi cha kujua yai limetoka kitakudanganya kwa sababu asubuhi yako si asubuhi ya watu. Nunua vile vijiti vya mkojo vya kuonyesha yai linakaribia kutoka, viko kwenye duka la dawa. Homoni ikipanda, yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36 hivi. Pima ukiamka kwenye usingizi wako mrefu, hata kama ni saa tisa mchana.

Nikija kwa mama mkwe, najua ulitaka nimchambe. Sitamchamba. Mama kapanda matatu Luanda, kuku kamfunga miguu kwa kamba ya katani, kampakata hadi Kisumu, kafika akakuta mtoto wake amekonda na mkaza mwana macho mekundu. Hakuleta mganga wala mizizi ya kuchemsha, na hakusema mwanawe aoe mwingine, na tunajua wako wamama wanaosema hivyo hata viatu hawajavua. Kakuuliza swali moja: usiku unalala wapi? Ni swali ambalo hata mimi ningeuliza. Kilichokuchoma ni kwamba jibu lake huna. Kazini hulali, nyumbani usiku hupo, na mchana unalala na simu mkononi ukingoja kuitwa lokamu. Angekuvuta kando jikoni, sawa, mbele ya mwanawe hakufanya adabu. Lakini hakukosea swali.

Hebu niseme na nyinyi vijana wote, maana hii si ya Mamboleo peke yake. Ndoa za siku hizi nazitazama nashindwa kuzielewa. Mnajuana namba za siri za M-Pesa, mnajua mkopo wa sacco umebaki kiasi gani, mnaweza kutaja ukubwa wa ploti hadi futi ya mwisho, lakini mwili wa mwenzako hujui unaendeleaje. Mke ana dawa anameza, mume hajui. Mume ana presha, mke anaisikia kwa shemeji matangani. Mnakimbizana na fensi na mabati, nyumba ya vyumba vitatu, na ukiuliza vyumba ni vya nani mnaambiwa "vya watoto". Watoto gani, na wazazi wenyewe wanasalimiana kwa ujumbe wa simu? Wazee wetu walikuwa maskini, na si kila walichofanya kilikuwa kizuri, wake walipigwa na wakaambiwa wanyamaze, hilo silifichi. Ila jioni ilikuwa jioni. Moto uliwashwa, watu wakarudi. Siku hizi jioni imekuwa bidhaa, kila mtu ana bei yake.

Nimetoka nje ya njia, nirudi kwako.

Usiache kazi, na mama mkwe usimguse. Kwanza kabisa mwambie mumeo habari ya sindano. Si kwa ujumbe, si ukikimbilia matatu. Kaa naye. Mficha uchi hazai, na wewe umemficha mtu ambaye bila yeye hakuna mtoto. Atakasirika, na ana haki. Akinyamaza siku mbili tatu, mwache anyamaze, usianze kumkumbusha uchovu wako wala digrii yako. Ukiogopa kumwambia, jiulize ukienda kliniki daktari akakuuliza mbele yake ulikuwa unatumia njia gani ya kupanga uzazi, utajibu nini. Atauliza tu, ni kati ya maswali ya kwanza.

Pili, soma ile karatasi ya maabara. Wewe ndiye mtaalamu humo ndani, isome yote, kisha mwambie ahsante. Hujamwambia.

Tatu, lokamu iachwe. Sikusema ipunguzwe. Ploti haina miguu, mtailipa polepole, na kama muuzaji ana haraka mume na mke wakae waongee naye. Nenda kwa inchaji wako, msimamizi wa wodi, umweleze unatafuta mtoto na unaomba miezi kadhaa ya zamu za mchana, au angalau usiku uwekwe pamoja usitawanywe. Anaweza kukataa, wodi zina upungufu na hilo unalijua kuliko mimi. Lakini hujaomba. Uliomba zamu zaidi.

Wakati huohuo anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Unawapa wengine, ujipe na wewe, maana kazi yake ni kabla ya mimba na miezi yake ya kwanza, wakati uti wa mgongo wa mtoto unajengwa.

Kuhusu daktari wa wanawake, mtu wa chini ya miaka 35 huambiwa ajaribu mwaka mzima kabla ya kuhangaika, na akifika 35 ni miezi sita. Wewe uko mpakani na hedhi yako inarukaruka, kwa hivyo usingoje kutimiza miaka. Weka miadi mwezi huu, mwende wawili, na ubebe tarehe ya sindano ya mwisho pamoja na karatasi ya mumeo. Chagua siku ambayo tayari ina duara jekundu. Na nikisikia siku hiyo umeiuzia lokamu tena, usiniandikie.