Makinikia Yana 6, Betri Ina 3.5? Someni Kichwa cha Safu Kwanza

Wadogo zetu wa maabara, karibuni. Ila ripoti zenu zinachosha. Kila kundi jipya huandika yaleyale: "Makinikia ya spodumini yana 6%, unga mweusi wa betri una 3.5%, hivyo uchimbaji unashinda urejelezaji." Kaeni tuelewane: spodumini ni madini ya mawe yenye lithiamu, makinikia ni mawe hayo yaliyosagwa na kuchenjuliwa, na unga mweusi ni unga wa elektrodi unaopatikana betri kuukuu zikisagwa.

1. Ile 6, kwa kichwa cha safu yake kwenye jedwali, ni oksidi ya lithiamu, Li₂O. Ile 3.5 ni lithiamu yenyewe. Oksidi izidishwe kwa 0.4645, na 6 inashuka hadi 2.79. Tani ya makinikia ina kilo 27.9 za lithiamu, tani ya unga mweusi kilo 35. Haya, nani tajiri?

Wakongwe nao wasijitie utakatifu, hili limewapata wengi. Jedwali linatoka safi, linapigwa muhuri, na hakuna anayeuliza. Aibu hujitokeza kwenye magadi (kabonati ya sodiamu), yanayomiminwa ili lithiamu itue ikiwa kabonati. Kilo moja ya lithiamu inataka kilo 7.64 za magadi kwa hesabu kavu. Tani ya makinikia, hata isipopoteza kitu, inataka kilo 213. Aliyedhani zile kilo 60 za oksidi ni lithiamu ataagiza 458. Akizimimina zote, sodiamu inang'ang'ania kwenye kabonati, anaosha mara tatu, mara nne, na mzigo bado unakataliwa na watengeneza betri. Halafu lawama anatupiwa muuza magadi!

Tena pimeni hatua kwa hatua. Makinikia yamekwisha kuchenjuliwa. Mawe ya Manono, kule Kongo, yana takriban 1.6% ya oksidi, yaani kilo 7 na ushee za lithiamu kwa tani. Jiwe lipambane na betri nzima, pamoja na kasha, shaba na alumini yake. Makinikia ndiyo yapambane na unga mweusi.

2. Spodumini haishikwi na asidi mpaka ichomwe kwenye nyuzi 1,050 hivi, umbo la fuwele zake ligeuke kutoka alfa kuwa beta. Unga mweusi hauhitaji tanuru hilo: asidi ya salfuriki na peroksidi ya hidrojeni zinautosha. Lakini msichanganye betri za fosfeti ya chuma na zile za nikeli na kobalti. Chuma na fosfeti vitawazibia vichujio, mtabaki mnakwangua tope siku nzima.

3. Mkiyeyusha betri tanuruni, kobalti na nikeli hutoka na metali, lithiamu hukimbilia mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia. Kwa hiyo msiyatupe.

4. Kabonati ioshwe kwa maji ya moto. Hii si sukari: kwenye nyuzi 20 mililita 100 za maji huyeyusha gramu 1.3 hivi, kwenye nyuzi 100 gramu 0.72 tu. Kuiosha kwa maji ya bomba ni kuipeleka mtaroni.

5. Magadi ni ya kiwandani. Yale ya kuumulia maandazi ni bikabonati, na bikabonati ya lithiamu huyeyuka. Mtakodolea ndoo macho mkisubiri unga mweupe utue, na hautui.